Tulivyotafuta Maji ya Kuogelea Kajiado

Binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza huko Uingereza, mimi nilikuwa nimestaafu ualimu na sikuwa na kisingizio cha kutokwenda. Nilifungasha unga wa wimbi, majani chai na shuka mbili, nikaondoka Kitengela kwenda kukaa naye miezi michache. Yeye ni muuguzi. Anaishi na mumewe katika mji mdogo wa mashambani, nyumba za mawe ya kijivu, na kondoo kila unakotupa macho.

Nyuma ya mji huo, ukipanda kilima, kuna bwawa kubwa lililojengwa zamani kuhifadhi maji ya kunywa. Nilitarajia seng'enge na askari mwenye rungu. Nilichokuta ni njia ya miguu inayozunguka bwawa lote, viti vya mbao, watu na mbwa wao, wazee wawili wanavua samaki, na kwenye kona moja maboya ya rangi ya machungwa yaliyotenga sehemu ya kuogelea. Hakuna aliyebeba mtungi. Kwa mtu wa Kitengela, ambaye maji yake huja na lori na huyafuatilia kwa simu siku nzima, jambo hilo lilinishangaza kuliko hata ndege niliyopanda. Maji mengi namna ile, na watu wamekuja kuyafurahia tu.

Kila asubuhi nilimsukuma mjukuu kwenye kigari chake nikizunguka bwawa, ili mama yake apate usingizi. Ndipo nikawaona wale wanawake. Walikuwa wanne au watano, wote wakubwa kuliko mimi, kofia za sufu kichwani, mapaja wazi kwenye upepo bila aibu. Mmoja alitembea na mkongojo. Aliulaza kwenye nyasi, akaingia majini, na huko ndani alikwenda vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimtazama na magoti yangu yananiuma. Miaka ya kusimama mbele ya ubao ilikuwa imeyamaliza.

Baada ya kuniona siku kadhaa, mwenye mkongojo aliniuliza kama ninajua kuogelea.

"Sijui," nikasema.

"Unataka kujua?"

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Jioni nilimwambia binti yangu. Aliweka kijiko chini. "Mum, wewe? Kwa hiyo baridi?"

"Si wao wanaingia?"

"Wao wamezoea."

"Basi na mimi nitazoea."

Siku ya kwanza baridi ilinikaba kifua nikadhani nakufa ugenini. Mwenye mkongojo alinishika viwiko akaniambia nitoe pumzi, nitoe tu, ya kuingia itakuja yenyewe. Ikaja. Walinifundisha kuelea kabla ya kunifundisha kwenda. Walinifundisha pia masharti yao, wakiyarudia kama mimi nilivyorudia majedwali ya kuzidisha: usiingie peke yako, funga boya kiunoni, na ujue utatokea wapi kabla hujaingia. Majani yalipoanza kugeuka rangi, niliweza kufika kwenye maboya na kurudi. Magoti yangu yalikuwa yamenyamaza.

Nilirudi Kitengela na azimio moja tu. Sitaacha.

Jirani yangu ni mama wa Kisomali kutoka Garissa. Ana duka la vitambaa karibu na soko na mume wake ni mfanyabiashara wa mifugo, leo yuko mnadani huku, kesho kule. Tumekuwa majirani tangu plot zetu zilipokuwa nyasi na swala. Yeye huniita abaayo, yaani dada, na mimi nikajifunza kumwita hivyo hivyo. Nilipomweleza habari za bwawa, sikutegemea swali lililofuata.

"Mtu wa umri wetu anaweza kujifunza?"

"Mimi nimejifunza."

Alimaliza kukunja kitambaa. Kisha akaniambia kwamba alikulia karibu na mto Tana. Kaka zake waliogelea kila siku. Yeye na dada zake walikwenda mtoni kuchota maji, wakaambiwa maji yasiwapite vifundo vya miguu kwa sababu ya mamba. "Mamba hakuwa anakula wavulana?" akasema. "Nilimuuliza mama yangu hivyo. Alinichapa." Halafu akasema, "Nifundishe."

Alijishonea nguo mwenyewe. Suruali, gauni fupi juu yake, kilemba kinachobana, vyote vya kitambaa kile chepesi kinachovutika na kukauka haraka. Ilikuwa kazi safi. Tukaenda kwenye hoteli moja yenye bwawa la kuogelea, asubuhi, wakati hakuna watu.

Kijana mhudumu alinitazama mimi, akamtazama yeye, akakuna shingo.

"Mathe, pole. Wewe ni sawa. Lakini huyu hawezi kuingia na nguo."

"Hii ni nguo ya kuogelea," jirani yangu akasema.

"Sheria inasema nguo ya kawaida inachafua maji."

"Shika. Shika uone. Ni kitambaa kile kile cha hizo mnauza hapo kwa kaunta. Tofauti ni kwamba hii iko mingi."

Kijana hakutaka kushika. Alimwita meneja, naye alikuja na tabasamu na sauti ya chini, akasema yeye binafsi hana neno ila wateja wengine wanaweza kulalamika, labda tujaribu mahali pengine. Nilianza kupandisha sauti ile niliyoitumia kwa darasa la nane. Jirani yangu alinigusa mkono. Alikuwa amekwisha kuvaa buibui yake juu ya ile nguo.

Garini mimi ndiye niliyekuwa bado nagomba. Yeye aliendesha Probox yake mpaka barabara kuu.

"Huko Uingereza mliogelea kwa hoteli?" akauliza.

"Hapana. Kwa bwawa. Nje."

"Basi tutafute bwawa. Kajiado nzima haiwezi kukosa maji ya watu wawili."

Ilikuwa karibu ikose. Kuna mashimo ya machimbo ya mawe yanayojaa mvua ikinyesha, na watu walituelekeza huko, lakini nilikataa hata kuteremka garini. Kuta zake zimesimama wima. Ukiingia huna pa kutokea. Tuliambiwa habari za bwawa moja Embulbul, tukafika tukakuta lilishafukiwa na juu yake kuna nyumba za kupangisha na kamba za nguo. Huko Matasia mzee mmoja mfugaji wa samaki alitukubalia kwa moyo wote, ila bwawa lake lilikuwa na nyavu toka ukingo hadi ukingo. "Mtanaswa na kambale wangu," alisema, akatupa sukuma wiki ya kubeba nyumbani.

Jirani yangu hakuacha kuuliza. Kila aliyeingia dukani kununua kitambaa aliulizwa kama anajua mahali penye maji. Ndivyo tulivyompata mama mmoja wa Kimaasai, mjane, aliyekuja kununua shuka za arusi.

"Niko na silanga," alisema. Silanga ndilo jina la huku la bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo.

"Ni kubwa?"

"Ng'ombe inaingia mpaka hapa." Alijigusa shingo. "Mnataka kununua maji?"

"Tunataka kuingia ndani."

Alicheka akidhani hajasikia vizuri. Lakini alituambia njia.

Ni mbele ya Isinya, kabla hujafika Kajiado mjini, unaacha lami na kufuata barabara ya murram katikati ya migunga. Tulimkuta anakamua mbuzi.

"Takwenya," nikamsalimia.

"Iko," akaitikia, akainuka kutupeleka.

Silanga ilikuwa ndefu kuliko uwanja wa mpira, maji yake rangi ya chai ya maziwa, mabata bukini wawili wakizunguka katikati kama wenye mahali. Nilihisi kifua kikifunguka. Jirani yangu alisimama ukingoni akishika buibui isipeperuke, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekadiria mzigo kabla ya kuubeba.

"Sasa niambieni vizuri," yule mama akasema. "Mtafanya nini humo?"

"Kuogelea."

"Kuoga?"

"Hapana. Hakuna sabuni. Ni kwenda tu na kurudi."

"Kwenda wapi?"

Nilimwambia habari za magoti, na bwawa la Uingereza, na mwanamke mwenye mkongojo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtakufa hapa, halafu mimi ndio niulizwe," akasema. "Si mume wa huyu atakuja kuuliza kwangu?"

Alikuwa na haki. Nikamwambia tutarudi, na tutakapofika atuone tulivyojipanga. Asiporidhika, tutaondoka tusimsumbue tena. Juma lililofuata tulikwenda na kamba ndefu ya katani na mitungi miwili mitupu ya manjano ya mafuta ya kupikia, imefungwa vifuniko barabara, kila mmoja na mkanda wa leso wa kufunga kiunoni. Nilimwonyesha. Nilijitupa majini na wangu, nikaenda, nikarudi, nikalala chali nikampungia mkono. Alisimama pale na mikono kiunoni.

"Sawa," akasema hatimaye. "Lakini mimi nitakaa hapa mpaka mtoke. Na ng'ombe zikikuja, mnatoka. Ng'ombe kwanza."

Tulikubali. Alitueleza silanga yenyewe: upande wa boma lake inashuka polepole, na mwisho wa mbali pia, kwa sababu ndiko majirani hunyweshea. Kwingine kote ukingo umekatwa wima na trekta, usijaribu.

Kumfundisha jirani yangu kulichukua muda mrefu kuliko nilivyokisia. Maji hayakumtisha. Kilichomshinda ni kulegea. Alikuwa mtu wa kushika kila kitu mwenyewe, duka, watoto, gari, na sasa namwambia aache mwili wake ubebwe. Shingo yake ilikaza kama mti. Masikio yalipoingia maji alisimama kwa nguvu, akikohoa na kusema "Astaghfirullah," matope yakimpanda mpaka kidevuni.

"Tupumzike?" nilimwuliza.

"Tupumzike kwa nini? Nimekuja kupumzika?"

Alirudi, na tena, na tena. Asubuhi za huko zina upepo mkali na tulitoka majini meno yakigongana. Yule mama alituwashia moto akatupa chai ya majani mengi, na hapo tulikaa watatu tukizungumza habari za watoto waliokwenda mbali. Mume wa jirani yangu alipoambiwa alicheka mpaka akafuta macho. "Mradi mrudi," akasema, na hakuuliza tena.

Kisha siku moja akaelea. Nilikuwa nimeweka viganja chini ya mgongo wake, nikaviondoa, akabaki. Alikuwa anatazama mawingu na midomo inakwenda kwa dua. Alikaa hivyo muda. Alipoinuka hakutabasamu, alinionyesha kwa kidole mwisho wa mbali wa silanga.

"Nataka kutokea kule."

Tulijizoeza mpaka nikaamini anaweza. Asubuhi tuliyochagua hewa ilikuwa imetulia. Yule mama alitembea ukingoni sambamba nasi akiwa na kamba begani, na sisi tukaenda, mimi kando yake, mitungi ya manjano ikitufuata. Alikwenda kwa mwendo wake, mzito lakini hausimami. Tulikuwa tumeshapita nusu kwa mbali, nikiona hata kwato zilizokauka kwenye matope ya upande ule, niliposikia kengele.

Ng'ombe wa jirani walikuwa wamekuja mapema. Hawakuja kwa mwendo wa malisho, walikuja mbio, maana ng'ombe akisikia harufu ya maji hana adabu. Vumbi liliinuka, wakajaa ule mteremko wote tuliotaka kutokea, wakaingia majini mpaka matumboni, pembe kwa pembe. Mama wa silanga alimpigia kelele mchungaji kwa Kimaa. Mchungaji, mtu mzima mwenye fimbo, alijibu kwa kelele vilevile, lakini kuwarudisha ng'ombe wenye kiu hawezi mtu.

"Turudi," nikasema.

"Sina nguvu ya kurudi," jirani yangu akajibu. Pumzi yake ilikuwa fupi na nilisikia ndani yake kitu ambacho sikukipenda. Kuta zilikuwa wima kulia na kushoto.

"Basi lala," nikamwambia. "Lala chali, mtungi kifuani. Toa pumzi. Tutangoja."

Alijigeuza. Kwa kitambo mwili wake ulikakamaa na maji yakamwingia mdomoni, nikamshika kilemba. Kisha akakumbatia ule mtungi na akatulia. Tukawa tunaelea pale kama mabata, tukisikia ng'ombe wakifyonza maji.

Kisha akaanza kuimba. Si kwa sauti kubwa. Ulikuwa mlio wa chini wenye maneno ya Kisomali, unapanda, unashuka, unarudia. Baadaye aliniambia ndio baba yake alioutumia kisimani, kuwaambia ng'ombe wanywe taratibu, maji yapo, hakuna wa kuwafukuza. Aliuimba akitazama mbingu, na nikasikia pumzi yake ikirefuka ubeti kwa ubeti. Mchungaji aliacha kupiga kelele. Sijui alifikiri nini alipoona mwanamke mwenye nguo nyeusi amelala juu ya maji na mtungi wa mafuta kifuani, anawaimbia ng'ombe wake. Aliegemea fimbo, akasikiliza.

Ng'ombe walikunywa wakashiba, wakaanza kupanda mmoja mmoja.

"Sasa turudi polepole," nikasema. "Umepumzika."

"Nilisema nitatokea wapi?"

Akageuka kifudifudi, akaenda. Alitokea pale pale alipopaonyesha siku ile, kwenye matope mapya ya kwato, akizama mpaka magotini. Alianguka mara moja, akainuka, akatembea mpaka kwenye nchi kavu, akakaa chini kwa uzito wote. Mama wa silanga alimfunika shuka. Mchungaji alimsalimia kwa heshima, akamuuliza kwao wanafuga ng'ombe wa aina gani. Wakaanza kuzungumza mifugo, na mimi nikawa bado nimesimama majini natetemeka, hakuna anayenikumbuka.

Tangu hapo tuliweka mtu wa kuangalia barabara ya ng'ombe kabla hatujaingia.

Halafu mvua zikakosa. Silanga ilishuka wiki kwa wiki, ukingo ukaonyesha mbavu zake, na siku moja yule mama alitupigia simu. "Msikuje," alisema. "Yenye imebaki ni ya ng'ombe." Hatukubishana. Ng'ombe kwanza, tulikuwa tumekubali.

Lakini hatukukaa nyumbani pia. Tulichukua Probox tukashuka mpaka Magadi, joto likitupiga usoni kama mlango wa oveni, tukapita kiwanda cha magadi na nyumba za wafanyakazi, tukazunguka ziwa mpaka kwenye chemchemi za moto. Ziwa lenyewe ni magadi matupu, jeupe na waridi, lina heroe wengi, na mtu hawezi kuogelea humo, linachoma ngozi. Kwenye chemchemi, mahali maji yamepoa kidogo, tulikaa na nguo zetu zote, maji mpaka kiunoni, wanawake wawili wakubwa, jasho linatutiririka. Akina mama wa Kimaasai waliokuwa wanauza shanga walikuja kukaa nasi.

"Kuogelea hapana," jirani yangu akasema, "lakini magoti yamekubali." Tulikwenda Magadi mara kadhaa msimu ule wa ukame.

Mvua ziliporudi zilirudi kwa fujo, barabara ya murram ikawa mto, na ilibidi tungoje ipitike. Tulipofika, silanga ilikuwa imejaa mpaka mdomoni na vyura wanapiga kelele mchana. Tulianza kujifunga mitungi yetu. Mama wa silanga hakukaa kwenye jiwe alilozoea kutungojea. Alivua shanga za shingoni moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya jiwe, akakaza shuka kiunoni.

"Miaka yote hii maji ni yangu," akasema, "na mimi naiona tu."

Jirani yangu alikwishatangulia ndani na kunyoosha mikono. Yule mama aliingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, meno yameuma mdomo wa chini, macho hayatoki kwa yule anayemshika. Niliwasikia.

"Usiniachilie."

"Sikuachilii. Toa pumzi. Toa tu."

Nilipanda ukingoni nikachukua kamba, nikakaa mahali ambapo ninawaona wote wawili, na barabara ya ng'ombe pia.